Sabwufa ya inchi 10 kwenye Vitz: uzoefu wangu Kisumu

Ukiwa na gari dogo na unataka besi ya kueleweka bila kuua betri, jambo la kwanza ni kuipuuza ile namba kubwa iliyochapishwa kwenye katoni. Wenzangu wa afisi ya walimu wananiuliza kila mara nimeweka nini kwenye Vitz yangu, na wengi wanaanza na swali la wati ngapi. Jibu langu ni 300, nao wanashangaa, kwa sababu dukani kila kitu ni 1,200 au 1,600.

Nimeutumia mfumo huu tangu likizo ya Aprili, kwenye jua la Kisumu na kwenye barabara ya kwenda Kakamega, na sasa naweza kuusema uzuri na ubaya wake. Nilichoweka ni sabwufa (spika ya besi) ya Pioneer TS-A25S4 ya inchi 10, boksi la kufungwa la kutengenezwa na seremala, na amplifaya (kikuza sauti) ya Pioneer GM-D8601.

Kwanza kuhusu gari lenyewe. Ni Vitz ya injini ya lita 1.0, ilikuja na redio yake ya Japani. Redio hizo za zamani zinashika FM kuanzia 76 hadi 90, na sisi huku masafa yetu ni 87.5 hadi 108, kwa hiyo stesheni nyingi hupati kabisa. Redio ningeibadilisha hata bila sabwufa. Ukibadilisha, chagua yenye matundu ya RCA ya kutoa sauti, hasa lile la sabwufa, na uulize kama ni ya upana wa Toyota wa sentimita 20, maana zile za kawaida za sentimita 18 zinaacha mwanya pembeni unaohitaji fremu.

Mimi ni mtu wa benga na rumba, na hilo liliamua mengi. Kwenye benga gita la besi halijifichi nyuma ya wengine. Linatembea, linajibu gita la solo, na ukilipoteza umepoteza nusu ya wimbo. Uzi mnene wa gita la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, unatoa takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika za milango ya Vitz hazifiki huko kwa nguvu yoyote ya maana. Unasikia kucha za mpigaji kwenye nyuzi, ila mwili wa sauti haupo. Kwa hiyo nilitafuta kitu cha kushughulikia hezi 35 hadi 80 kwa usafi, kila noti isikike kivyake. Anayesikiliza ngoma za kompyuta pekee huenda akataka kitu tofauti.

Kabla ya kununua nilikaa kwenye magari ya watu. Mwalimu mwenzangu wa Kemia ana sabwufa ya chini ya kiti, Pioneer TS-WX130DA, ambayo amplifaya yake iko ndani yake. Katoni inasema wati 160, lakini wati za kudumu, zile za RMS, ni 50. Ni kitu kizuri. Haili buti, na kwenye foleni ya Kondele inajaza gari lote. Shida ni barabara kuu. Ukishapita Mamboleo na kupanda Riat, matairi na upepo vinaanza kelele, na kelele hizo ni za masafa ya chini, zinaifunika besi kabla ya kitu kingine chochote. Wati 50 zinamezwa. Kama safari zako ni za mjini na buti unaihitaji kila siku, nunua hiyo na uache kusoma hapa.

Binamu yangu naye ana Demio yenye sabwufa ya inchi 12 ndani ya boksi lenye tundu, lile la kununuliwa tayari limefunikwa zulia. Inapiga kwa nguvu kuliko yangu, hilo sibishi. Lakini boksi lenye tundu limeundwa kuvuma zaidi kwenye masafa fulani, na kama aliyelitengeneza hakulipimia sabwufa iliyomo, noti zote za gita zinatoka zikiwa zimevaa sauti moja. Nilimwekea wimbo wa benga ninaoujua kwa moyo, na gita likawa linavuma mahali pamoja tu. Chini ya masafa ya lile tundu, hewa ndani ya boksi haiishikilii tena spika, inarukaruka bila breki, na ndipo koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, inapoumia. Tena buti yote imekwisha. Kwenye Demio au Vitz hilo si jambo dogo.

Kuna siri ya magari madogo ambayo wauzaji hawaitaji, na ndiyo iliyonifanya nitulie kwenye inchi 10. Mawimbi ya besi ni marefu. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Ndani ya Vitz kutoka dashibodi hadi mlango wa nyuma hupati hata theluthi yake. Wimbi likiwa refu kuliko gari kiasi hicho, spika inakuwa kama inasukuma na kuvuta hewa ya chumba kizima, na besi ya chini inapanda yenyewe. Mwanzo wake ni pale nusu ya wimbi inapolingana na urefu wa ndani wa gari, kwa Vitz ni kwenye hezi 60 au 70 kushuka. Sasa boksi la kufungwa kwa tabia yake linapungua taratibu kadiri unavyoshuka chini. Gari linapandisha, boksi linashusha, na matokeo yanakaribia kunyooka. Ndiyo maana inchi 10 iliyofungwa kwenye gari dogo inasikika vizuri kuliko inavyostahili ukiitazama dukani.

Turudi kwenye wati. Sabwufa yangu katoni yake inapiga kelele 1,200, na chini kwa maandishi madogo ni 300 za RMS. Amplifaya nayo ina 1,600 kubwa, ila kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) inatoa 300, kwa omu 2 inatoa 500, na kwa omu 1 inatoa 800. Zile namba kubwa ni za mshtuko wa kufumba na kufumbua, na kwa kampuni zingine ndogo hata mshtuko huo haupo. Ukitaka kulinganisha amplifaya mbili, tafuta alama ya CEA-2006 au CTA-2006. Ni kanuni iliyotoka Marekani mwaka 2003 inayomlazimu mtengenezaji anayeitumia kupima wati kwa volti 14.4 na omu 4, huku uchafu wa sauti usizidi asilimia 1. Penye alama hiyo, wati ni wati.

Halafu kumbuka kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Masikio yako yatatambua tofauti, lakini hutaiita maradufu. Betri ndiyo itakayoona maradufu.

Hapo ndipo nilipokaribia kugombana na muuza duka mmoja. Alitaka kunipa sabwufa ya koili mbili za omu 2, aziunganishe sambamba zitoe omu 1, ili amplifaya ifike 800. Fundi wangu, kijana mtulivu sana, alisubiri tutoke nje ndipo akasema, "Mwalimu, gari ni lako, lakini hiyo ya omu 1 itamaliza betri kabla haijakufurahisha." Tukapiga hesabu pamoja juu ya boneti. Amplifaya za daraja D, kama yangu, zinafikisha kwenye spika karibu asilimia 80 ya umeme zinaovuta. Wati 300 ugawe kwa 0.8, halafu ugawe kwa volti 13.8 za gari linaponguruma: ampea 27. Fanya hivyo hivyo kwa 800 na unapita ampea 70. Vitz ina alteneta ndogo na betri ndogo ya NS40, na Kisumu huwezi kuzima AC saa nane mchana. Ampea 27 tena ni kwa kilele, maana muziki haudai nguvu zote kila wakati. Taa zangu hazipepesi, hata usiku na AC ikiwaka.

Sabwufa ya koili moja ya omu 4 na amplifaya inayotoa wati 300 kwa omu 4. Zinaoana sawasawa, na kesi ikaisha. Ukipata yenye koili mbili za omu 4 kila moja, ujue zikiwa sambamba ni omu 2, zikifuatana ni omu 8, na uulize amplifaya yako inaruhusu kushuka mpaka wapi kabla ya kulipa.

Waya ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe, na hapa nina uchungu. Duka moja mjini liliniuzia seti ya waya iliyoandikwa shaba. Fundi alichukua kisu, akakwangua uzi mmoja, na ndani ukawa mweupe kama fedha: alumini iliyopakwa shaba juu. Waya wa namna hiyo unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene ule ule, na ukilazimishwa unapata moto. Nilirudisha, wakagoma kurejesha pesa, wakakubali kubadilisha baada ya maneno mengi. Kwangua kabla ya kutoka dukani. Kwa ampea 27 na umbali wa betri hadi buti ya Vitz, waya wa shaba namba 8 unatosha. Namba ikishuka waya unanenepa, kwa hiyo anayetaka wati 600 aende namba 4. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake iwapo utachubuka ukipita kwenye bodi. Yangu ni ya ampea 40.

Waya wa athi ulifungwa kwenye chuma cha buti baada ya fundi kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Waya wa umeme ulipita upande wa kushoto, zile za RCA upande wa kulia. Ukiziweka pamoja unaweza kupata mlio unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta.

Boksi lilitengenezwa na seremala wa Kibuye, mbao za MDF za milimita 18, vipimo vya ndani sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Hizo ni lita 24, na sabwufa yenyewe inachukua kama 2, zinabaki 22. Viungo aliviweka gundi na skrubu, kisha akapitisha silikoni ndani kila pembe. Boksi la kufungwa likivuja hewa utasikia kama mtu anapuliza kila besi inapogonga, na la kwangu liko kimya.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna geini, yaani kiwango cha amplifaya kukuza sauti, ilivyowekwa. Mafundi wengi wanazungusha kile kitufe mpaka masikio yao yaridhike. Huyu alichomoa sabwufa, akacheza mlio wa hezi 50 kwenye redio ikiwa robo tatu ya sauti, akaweka mita ya volti kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Wati 300 mara omu 4 ni 1,200, na kipeuo chake cha pili ni 34.6. Alizungusha polepole mpaka mita ikasoma volti 34 na kitu, akaacha. Kisha kichujio kwenye hezi 80, ili sabwufa ipate besi ya chini ya hapo tu. Dakika chache tu, na kwa maoni yangu ndiyo kazi iliyostahili pesa kuliko zote.

Gharama: sabwufa 9,000, amplifaya 17,500, waya 4,500, boksi 4,000, ufundi 2,500. Jumla shilingi 37,500, na kipande cha redio hakimo. Bidhaa bandia zenye majina makubwa zimejaa, na bei ya nusu ni dalili tosha. Dai risiti na waranti yenye muhuri.

Ubaya upo. Mlango wa nyuma na namba pleti vilikuwa vinatetemeka vibaya wiki ya kwanza, ikabidi kuweka sponji ya gundi nyuma ya pleti na shiti za kuzuia mtetemo ndani ya mlango. Spika za milango sasa zinasikika dhaifu kando ya besi hii, na ndizo zinazofuata kubadilishwa. Kile kitufe cha besi kinachokuja na amplifaya nimekifunga karibu na gia, na ninakishusha nikiingia mtaani, kwa sababu majirani wana watoto na kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zipo.

Buti nayo imebaki na nafasi ya mizigo ya wiki, si zaidi. Nilimwomba fundi aweke soketi ya kuchomoa kwenye waya za boksi, na tairi la akiba liko chini ya sakafu, kwa hiyo lazima boksi litoke haraka. Siku ya kuchukua mahindi nyumbani Vihiga nalichomoa, nalibeba mwenyewe hadi sebuleni, magunia mawili yanaingia.