Rivyu: hisa za AST SpaceMobile ukinunulia hapa Nairobi

Hii rivyu ni ya hisa yenyewe na pia ya njia ya kuinunua ukiwa hapa, maana kwa magrupu ya WhatsApp watu wanaulizana kuhusu ASTS (jina la hisa hii sokoni) kila siku na majibu yote ni emoji za roketi, hakuna mtu anakuambia ni nini hasa unanunua.

Teknolojia nitaipita haraka. AST SpaceMobile ni kampuni ya Texas, bosi ni Abel Avellan, na wanataka setilaiti iwe mnara wa netiweki ulioko juu angani, simu yako ya kawaida iongee nayo bila dishi wala kifaa kingine. Simu nguvu yake ni kidogo sana kwa hivyo kazi yote inaachiwa antena ya huko juu, ndio maana setilaiti zao ni kubwa ajabu: BlueWalker 3 ya majaribio, iliyorushwa 2022, ilifunguka ikawa mita 64 za mraba, na hizi mpya zinapita 200. Aprili 2023 wakapiga simu kutoka Texas mpaka Japani na Samsung ya dukani tu, Januari 2025 Vodafone wakapiga ya video kutoka mlimani huko Wales. Kwa hivyo inafanya kazi, hapo tumalize ubishi. Lakini ni ukiwa nje mahali unaona anga, ukiwa ndani ya gorofa za Pipeline pale dirisha lako linaangalia ukuta wa jirani, sahau.

Sasa twende kwa pesa. Kampuni wenyewe wanakadiria setilaiti moja, kutengeneza mpaka kurusha, ni kama dola milioni 21 hadi 23, na mpango waliotangaza 2025 ulikuwa kufikisha 45 hadi 60 mwisho wa 2026. Piga hesabu ya hizo 45 tu, unakaribia dola bilioni moja. Na mpaka 2025 inaisha walikuwa wamerusha setilaiti zao za BlueBird tano ndogo (Septemba 2024) na moja kubwa iliyobebwa na roketi ya India Desemba. Hiyo bilioni inatoka wapi? Kwa kukopa na kwa kuuza hisa mpya, tena na tena. Ni kama chama ambacho kila baada ya miezi michache kinaingiza wanachama wapya, shamba likinunuliwa kweli lipo, lakini kipande chako kinazidi kuwa kidogo. Hii ndio kitu wale wa emoji hawasemi.

Halafu mapato yenyewe wanagawana nusu kwa nusu na kampuni za simu kama AT&T na Vodafone, kwa sababu masafa ya mawimbi ni ya hao, wateja ni wa hao. Sioni ubaya hapo, inawaokoa kutafuta wateja mmoja mmoja. Kinachonipa wasiwasi ni Starlink. Wale wana setilaiti zaidi ya 600 za kuongea na simu tayari, ndogo ndogo lakini ziko juu, Airtel Africa washaingia mkataba nao, na roketi ni zao wenyewe. Hizo BlueBird tano za kwanza unajua zilibebwa na nani? SpaceX, wenye Starlink. Yaani unamlipa mshindani wako akubebee mzigo. Huku kwetu Vodafone, ambao wameweka pesa kwa AST, ndio wako nyuma ya Vodacom na Vodacom wako nyuma ya Safaricom, kwa hivyo hii vita ya Safaricom na Airtel inaweza ikahamia angani na mtu wa Marsabit ndiye atafaidika kabla ya sisi wenye hisa.

Mweka hazina wa chama chetu nikimweleza haya yote aliuliza kitu kimoja tu, "Sasa gawio linakuja lini kijana?" Hakuna gawio mama. Ukitaka gawio kuna Iridium, hao wa simu za setilaiti za zamani, wanalipa, ila Marekani wanakukata 30% kabla ikufikie kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi nao. Na hao Iridium wenyewe walifilisika 1999, mtandao wa kama dola bilioni 5 ukauzwa karibu dola milioni 25, setilaiti zikiwa huko juu zinafanya kazi vizuri kabisa.

Apu ninayonunulia sasa, jina sitaji. Kuweka pesa kwa M-Pesa ni rahisi, fomu ya W-8BEN (ya kodi ya Marekani) unabonyeza tu nakubali. Wanakula kwa dola: bei ya dola wanayokuuzia si ile unaona Google, ukiuza wanapunguza tena upande wa pili, kisha kamisheni, kisha ada ya kutoa. Ukinunua kipande cha shilingi elfu mbili inabidi hisa ipande kwanza ndio ufike mahali ulianzia. Na soko linafunguliwa saa kumi na nusu jioni (miezi ya baridi yao saa kumi na moja na nusu), wakati uko kwa jam ya Jogoo Road na apu inazunguka tu. Nikiandikia huduma kwa wateja najibiwa "mpendwa mteja, tutakurudia", wanarudi bei ishatulia.

Hii hisa Aprili 2024 ilikuwa kama dola 2, Agosti mwaka huo huo ikapita 30, kwa hivyo usiweke karo wala pesa ya nyumba, na wenye wanataka faida ya Krismasi waende kwa money market. Yangu iko, siongezi mpaka nione roketi zinaenda kwa ratiba.

Hisa nyota 3, apu nyota 2. Mwenye anajua apu inayokata kidogo kwa dola aseme.