Eneo la mahojiano baada ya mechi: nyota mbili kati ya tano

Ni ujia wenye vizuizi kati ya vyumba vya kubadilishia nguo na basi la timu. Katika mashindano makubwa mchezaji lazima apite humo, ila kusimama ni hiari yake, na hapo ndipo huduma inapofeli. Aliyesemwa vibaya huja amevaa hedifoni, au simu sikioni hata kama hakuna aliyempigia. Televisheni zenye haki za matangazo hutangulia, magazeti hukaa mwisho kabisa na kuambulia makombo.

Mgomo maarufu wa kutozungumza na wanahabari ni wa Italia, Kombe la Dunia 1982. Sare na Polandi, Peru na Kameruni, pamoja na maandishi yaliyowachoma, ziliwafanya wachezaji wafunge midomo. Akabaki kuzungumza nahodha Dino Zoff, kipa asiye na maneno mengi (uteuzi wa kejeli, bila shaka). Wakatwaa kombe kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 3-1.

Ukikuta mgomo, mbane kocha kwenye mkutano wake na wanahabari. Wachezaji wa akiba nao hawana hasira nyingi. Uliza tukio moja: "Kwenye ile kona, nani alipangwa kumkaba mfungaji?" Ukianza na "Unajisikiaje?" utaona mgongo tu.