Wameandika kesi bila kuuliza swali la kwanza, nyota 1
Mdogo wangu yuko jela huku Marekani, mguu ulivimba wiki tatu hajaonwa na daktari, tukawalipa hawa jamaa wamwandikie kesi ya madai mahakama ya shirikisho. Hawakumuuliza kama alishajaza fomu ya malalamiko mlemle jela na kukata rufaa mpaka ngazi ya mwisho, na sheria ya 1996 ya kesi za wafungwa ndo inataka hivyo kwanza! Jaji kaitupa. Ada ya mahakama dola 350 bado anadaiwa, jela wanakata asilimia 20 ya hela inayoingia kwenye akaunti yake kila mwezi, hela yenyewe tunamtumia ya sabuni na tambi jamani. Afadhali jaji kaandika anaweza kufungua upya, hiyo sentensi nimeipigia mstari kwa peni nyekundu. Nyie simu hampokei, inauma sana.