Tella, eyeWitness na ProofMode: programu za kurekodi maandamano zikipimwa kwa hali ya Uganda

Watengenezaji wa programu za kurekodi maandamano huandika sana juu ya mahakama: namna picha itakavyothibitishwa, namna saa na mahali vitakavyohifadhiwa, namna hakimu atakavyoridhika. Mambo hayo yana uzito wake, lakini kwa mtu anayerekodi Kampala, Masaka au Busia yapo maswali mawili yanayomtangulia hakimu. La kwanza ni kitakachotokea askari akinyoosha mkono na kudai simu pamoja na namba ya kuifungua. La pili ni kitakachotokea mtandao ukizimwa. Nimezipima programu tatu ambazo hutajwa mara kwa mara katika mafunzo ya waandishi raia kwa maswali hayo kwanza, na mengine yote baadaye, nikizitumia kwenye simu ya Android ya bei ya chini kama zile walizo nazo vijana wa redio ninaofanya nao kazi hapa Busia.

Anayedhani kwamba swali la mtandao ni la kinadharia akumbuke tarehe tu. Siku ya kura ya 18 Februari 2016 mitandao ya kijamii ilifungwa, na ikafungwa tena mwezi Mei wakati wa kuapishwa kwa Rais. Mwaka 2021 Facebook ilizuiwa tarehe 12 Januari, na jioni ya tarehe 13, mkesha wa kura, intaneti nzima ikakatwa hadi tarehe 18. Januari 2026 ilizimwa tena siku mbili kabla ya kura. Kwa hiyo programu inayohitaji intaneti ili ifanye kazi yake ya msingi ina kasoro ambayo hapa kwetu haiwezi kuitwa ndogo, kwa sababu itakwama katika juma lile lile ambalo inahitajika.

Niseme pia, kabla ya kuingia kwenye programu zenyewe, kwamba ushahidi mzito wa miaka ya karibuni haukupatikana kwa programu maalumu. Katika ghasia za tarehe 18 na 19 Novemba 2020, zilizoanza Bobi Wine alipokamatwa Luuka na ambazo kwa hesabu ya serikali yenyewe ziliua watu 54, wapita njia na wenye maduka walirekodi kwa kamera za kawaida za simu zao. Mwaka uliofuata wachunguzi wa BBC waliziunganisha video za namna hiyo na kufuatilia mwendo wa gari la polisi katikati ya Kampala, wakisaidiwa na vitu vinavyoonekana ndani ya video hizo, kama majengo na mpangilio wa barabara. Mtu aliyezungusha simu yake polepole ili jengo la jirani lionekane alifanya kazi kubwa kuliko aliyekaza kamera kwenye moshi pekee. Hakuna kati ya programu hizi tatu inayomfundisha mtumiaji jambo hilo, na huo ni upungufu wa zote.

Nianze na Tella, iliyotengenezwa na shirika liitwalo Horizontal na inayopatikana kwa Android na iPhone. Msingi wake ni kwamba picha, video na sauti zinazorekodiwa ndani yake haziingii kwenye ghala la kawaida la picha, bali huhifadhiwa kwa usimbaji fiche, yaani zikigeuzwa zisisomeke bila ufunguo, nyuma ya kufuli lake lenyewe, ambalo ni tofauti na lile la simu. Mtu akiipekua simu yako iliyo wazi, hataona chochote cha maandamano kwenye picha zako. Kwenye Android unaweza pia kubadilisha jina na alama ya programu ifanane na kitu cha kawaida, au kuificha nyuma ya kikokotoo ambacho kinakokotoa kwelikweli na hufunguka tu unapoingiza namba yako ya siri. Kipo na kitufe cha dharura ambacho unaweza kukipanga kifute mafaili yote kwa haraka. Kwa swali la askari, hakuna mshindani wake anayeikaribia.

Hata hivyo hila ya kikokotoo isimpe mtu kiburi. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Itel huja na kikokotoo chake kutoka kiwandani, na simu yenye vikokotoo viwili humfanya mpekuzi mwerevu aulize kwa nini. Ni afadhali kuchagua alama nyingine isiyo na pacha kwenye simu hiyo, au kukiondoa kile cha zamani kwenye ukurasa wa mbele. Kumbuka pia kwamba maelezo ya hila hii yanasomeka na kila mtu, wapekuzi wakiwemo. Programu humkinga mtu dhidi ya upekuzi wa haraka wa barabarani. Dhidi ya mtu aliyefungiwa chumbani na kulazimishwa kutaja namba, hakuna programu inayokinga.

Kuhusu mtandao, Tella hurekodi bila intaneti yoyote na kungoja. Mtandao ukirudi, mafaili hupelekwa kwenye mfumo ambao kikundi chako kimeuandaa, kwa mfano Nextcloud, Uwazi au ODK, na huu wa mwisho huruhusu fomu za kujaza, jambo lililowafaa sana vijana wetu katika kuangalia vituo vya kura: saa ya kufunguliwa, mawakala waliopo, fomu ya matokeo kubandikwa. Iko hali ya uthibitisho ambayo, ukiiwasha, huambatanisha na kila picha taarifa za mahali, wakati na minara ya simu iliyo karibu. GPS hupokea mawimbi ya setilaiti na haitegemei bando, hivyo mahali panaweza kunaswa hata siku ya giza la mtandao. Kinachochelewa ni muda wa simu kujitambua ilipo, na mtu anayekimbia huwa hana muda huo.

Gharama ya ulinzi huu ni kubwa na lazima isemwe waziwazi. Ukisahau namba ya siri, mafaili yamepotea, wala Horizontal haiwezi kukurudishia. Ukiiondoa programu ili kupata nafasi kwenye simu, mafaili huondoka nayo. Katika mji ambao simu ya familia hupita mikononi mwa ndugu, na mdogo mtu hufuta chochote asichokitambua ili apakue wimbo, hili si tishio la kufikirika. Kamera yake nayo ni ya kawaida mno. Anayezoea kukuza picha na kurekebisha mwanga atahisi amefungwa mikono.

eyeWitness ni kitu cha namna nyingine kabisa. Ilizinduliwa mwaka 2015 chini ya Chama cha Kimataifa cha Wanasheria, kwa ushirikiano na LexisNexis, kampuni ya taarifa za kisheria, na lengo lake si habari bali kesi. Unarekodi ndani ya programu, nayo inakusanya mahali, wakati na alama za mitandao iliyo jirani, inakokotoa namba ya utambulisho ya faili ili badiliko lolote la baadaye ligundulike, kisha inalituma faili kwenye seva yao, ambako mawakili hulipitia. Haikuulizi jina. Mnyororo wa uhifadhi, yaani nani alikuwa na faili hilo tangu liliporekodiwa hadi lilipofika mbele ya majaji, hauna pengo, na hapo ndipo wakili wa upande wa pili hupenda kuingilia.

Mfano wake bora uko kwa majirani zetu wanaosema Kiswahili kama sisi. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini, nchini Kongo, iliwatia hatiani viongozi wawili wa wanamgambo kwa uhalifu dhidi ya binadamu uliofanyika mwaka 2012, na picha zilizopigwa kwa eyeWitness zilikuwa sehemu ya ushahidi. Angalia miaka: uhalifu ulitangulia programu kwa miaka mitatu. Picha hizo hazikunasa tendo lenyewe. Zilinasa athari zake. Nadhani hapo ndipo matumizi yake makubwa Uganda yanapokaa, yaani katika majeraha, kuta zenye matundu ya risasi na nyumba zilizochomwa, vitu ambavyo mtu anaweza kuvirekodi kesho yake kwa utulivu, na si katika vurumai ya barabarani.

Kwa sababu mapungufu yake ni mengi barabarani. Ipo kwa Android tu. Haikubali video uliyorekodi jana kwa kamera ya kawaida. Nguvu yake yote inategemea kutuma, na video ya ubora wa 1080p hula zaidi ya megabaiti 100 kwa dakika moja, katika nchi ambayo tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12 juu yake. Mtandao ukikatwa, faili linabaki kwenye simu ambayo huenda ikachukuliwa kabla halijafika kokote. Anayeishi Busia ana bahati ya mpaka, kwa kuwa laini ya Kenya hushika hata upande huu. Aliye Mubende au Gulu hana pa kukimbilia. Tena ukishatuma, si wewe unayeamua faili litatumika katika kesi gani na lini. Kijana anayetaka tukio lisikike kwenye taarifa ya saa mbili usiku ataona amepeleka kazi yake kisimani.

ProofMode, ya Guardian Project, watengenezaji wa programu za usalama, kwa ushirikiano na WITNESS, shirika la video za haki za binadamu, ndiyo nyepesi kuliko zote na inafaa kuelezwa kwa maneno machache. Unapiga picha kwa kamera yako ya kila siku, nayo ikiwa nyuma ya pazia inatengeneza kifurushi cha uthibitisho chenye namba ya utambulisho ya faili, saini ya kidijitali na taarifa za kifaa na mahali. Kazi yake ni ile ya lakiri kwenye bahasha: haiwezi kuzuia mtu asifungue, ila itajulikana kwamba imefunguliwa. Wakati huu ambapo kila video isiyompendeza mkubwa huitwa ya kutengenezwa na akili mnemba, kifurushi hicho kina thamani kwa mhariri. Inafanya kazi bila intaneti, na ipo kwa Android na iPhone.

Kwa swali la askari, hata hivyo, ProofMode haina jibu, kwani picha zako zimebaki wazi kwenye ghala la simu. Lipo pia kosa linaloweza kumponza mtumiaji asiyesoma mipangilio: kifurushi kinaweza kubeba aina ya simu, mtandao uliounganishwa nao na mahali hasa uliposimama. Ukikitupa hadharani pamoja na picha, umejitambulisha mwenyewe. Zima unavyoweza kuvizima, chapisha picha peke yake, na kifurushi kibaki kwa mhariri au wakili unayemwamini.

Picha nyingi hatimaye huishia mahali pamoja, yaani kwenye WhatsApp, na huko ndiko kazi nyingi huharibikia. WhatsApp huibana picha na kuziondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, kwa hiyo picha iliyopita makundi kadhaa haina tena asili. Dawa yake ni rahisi: itume kama hati, si kama picha. Kwa kuficha sura za watu, chombo cha Signal, programu ya kutumiana ujumbe, kilichoongezwa mwaka 2020 kinatosha kwa picha za kawaida, ingawa mimi hupendelea kuweka doa jeusi zito kuliko ukungu, na naona wengi wanasahau kwamba fulana, kiatu na hasa sauti humtambulisha mtu sawasawa na uso. Signal nayo bado inadai namba ya simu wakati wa kujiandikisha, na laini ya Uganda imefungamanishwa na NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa.

Matangazo ya moja kwa moja sikuyapima. Periscope ilifungwa mwaka 2021, na Bambuser, iliyowahi kuwa jicho la waandamanaji wa Misri na Syria, leo inauza huduma za video kwa wafanyabiashara wa mitindo. Aliyeacha kumbukumbu zake kwenye nyumba za namna hiyo aliziacha kwa mwenye nyumba anayeweza kuhama.

Kuhusu sheria, mtumiaji asome kabla ya kupakua chochote. Ibara ya 29 ya Katiba inalinda uhuru wa kusema na wa kuandamana kwa amani, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inaipa mahakama njia ya kupima ushahidi wa kidijitali kwa kuangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, jambo linalozipa nguvu eyeWitness na ProofMode. Lakini marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaligusa hata kurekodi sauti au video ya mtu mwingine bila idhini. Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu cha 25 cha sheria hiyo Januari 2023, na wengi walishangilia kana kwamba sheria nzima imeondoka. Uamuzi huo haukuiondoa.

Uamuzi wangu, basi, ni kwamba anayeingia barabarani aweke Tella, na aizoee nyumbani kwa majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe. ProofMode imfae mpiga picha wa chombo cha habari, mwenye kitambulisho cha kazi na mhariri anayemsubiri. eyeWitness ibaki kwa wasaidizi wa kisheria na watu wa haki za binadamu wanaokwenda hospitali na vijijini baada ya tukio. Zote ni za bure. Atakayeweza kuweka moja tu, na ambaye simu yake ina nafasi ya GB 32 iliyokwisha kujaa, aanze kwa kuhamishia picha za harusi kwenye memori kadi, kwa maana Tella iliyokosa nafasi haitarekodi chochote.