Geji kuukuu ya presha, na maji yaliyoipima

Geji niliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu wa Gerezani, Dar es Salaam, ni ya shaba, inasoma kuanzia 0 hadi bar 4, na pembeni mwa uso wake pameandikwa 2.5. Namba hiyo, ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuitazama, ndiyo daraja la usahihi: kosa linaloruhusiwa ni asilimia 2.5 ya kipimo cha juu kabisa, yaani bar 0.1 popote mshale unaposimama. Kwenye bar 3 kosa hilo halisumbui. Kwenye bar 0.5 ni sehemu moja ya tano ya kipimo chenyewe.

Muuzaji alishikilia kuwa geji ni nzima kwa sababu mshale umelala kwenye sifuri. Hoja hiyo haitoshi, kwani pale kwenye sifuri pana kipini kinachouzuia mshale, na ule ambao ungeshuka zaidi huonekana sahihi kwa kuwa tu umekiegemea. Mshale unaogoma juu ya sifuri angalau hujisema wenyewe: mara nyingi kibomba kilichopinda ndani ya geji, ambacho Mfaransa Eugène Bourdon alikisajili mwaka 1849, kimewahi kuzidishiwa presha kikashindwa kurudi kwenye umbo lake.

Kipimo cha kuaminika ni maji. Kila mita ya maji yaliyotulia huleta takriban bar 0.098, mpira unaoyabeba uwe mwembamba au mnene, kwa maana kinachohesabiwa ni kimo tu kutoka geji hadi uso wa maji. Nilifunga mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, nikaujaza taratibu hadi mapovu yakaisha, kwa kuwa hewa iliyonaswa hupunguza kimo cha maji, kisha ncha ya wazi ikapandishwa ghorofani hadi mita 9. Geji ilipaswa kusoma bar 0.88. Ilisoma 0.8, nilipoigonga kidogo kwa kucha, mshale ukaruka hadi 0.9 na kutulia. Ni dalili ya msuguano kwenye vijino vyake, na nadhani hiyo ndiyo kasoro yake kubwa.

Kwa presha za juu niliifunga pamoja na geji mpya kwenye tii moja, kiungo cha bomba chenye matundu matatu, nikapampu. Kwenye bar 2.5 zilipishana kwa bar 0.05, ingawa kulingana kwa geji mbili hakuthibitishi kuwa zote ni sahihi.

Kwa pampu ya maji ya nyumbani naipendekeza, mradi presha ya kawaida isivuke bar 3, robo tatu ya uso wake. Kwenye mtungi wa oksijeni isifungwe kamwe, kwani mabaki ya mafuta ndani yake yanaweza kulipuka. Anayehitaji cheti cha usahihi aipeleke maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ila kwa kifaa cha bei hii gharama hiyo hailipi.