Swift Sport yangu, filta na ekzosi: nilichonunua mara mbili

Nitaje gari kwanza, maana ushauri wa ekzosi (mabomba ya kutolea moshi) usiojua ni gari gani ni dawa ya kuokota njiani. Langu ni Suzuki Swift Sport ya 2018, ile ya injini ya lita 1.4 yenye tabo (feni inayoshindilia hewa zaidi ndani ya injini) na gia sita za mkono. Kiwandani linatoka na nguvu za farasi 140 na msokoto wa Nm 230, na uzito wake haufiki tani moja. Nililipokea Januari 2024 kutoka Japani. Naishi Kahawa Sukari na kazi yangu iko Upper Hill, kwa hivyo kutoka Jumatatu hadi Ijumaa ni Thika Road asubuhi, Thika Road jioni, na katikati ni kusimama pale Pangani nikihesabu wauza njugu. Kukimbia kwa kweli ni Jumamosi, tukienda Naivasha au upande wa Sagana.

Sikuwa natafuta mbio. Nilitaka sauti kidogo na ule wepesi wa gari kuitika ukigusa mafuta. Likitoka kiwandani Swift Sport ni pole mno. Lina mabomba mawili nyuma ya kujionyesha, lakini ukisimama kando yake utadhani ni gari la mwalimu mkuu.

Nikaanza na njia ya hewa, kama wengi wetu tunavyoanza, kwa sababu ni rahisi kufunga na inaonekana ukifungua boneti. Nilishuka Grogan (ramani inaandika Kirinyaga Road, lakini jaribu kumwambia mtu wa boda hilo jina uone) nikanunua filta ya hewa ya koni, ile inayokaa wazi bila boksi, pamoja na bomba lake la alumini kwa shilingi 14,500. Kufunga ilichukua dakika arobaini. Kijana aliyefunga akaniuliza kama alitupe lile boksi la zamani la filta. Nikamwambia aliweke kwenye buti, na nyumbani nikalihamishia chini ya kitanda. Mke wangu alilalamika miezi miwili kuhusu takataka iliyo chini ya kitanda, lakini kuliweka ndio uamuzi wa akili kuliko yote niliyofanya mwaka huo.

Koni ina raha yake, sitadanganya. Ukikanyaga unasikia tabo ikivuta hewa, fyuuu, na ukiachilia inakohoa. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nazima redio. Gari nililiona limekuwa jepesi, na nikawaambia watu kazini kwamba limeongeza farasi kumi. Nilizitoa wapi hizo kumi, sijui. Masikio ndiyo yaliyonipimia.

Kisha rafiki akaniazima kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma kompyuta ya gari na kutuma namba kwenye simu. Hapo ndipo raha ilipoanza kuisha. Siku ya nyuzi 25 hivi, nikiwa kwenye jam ya Pangani kwa robo saa, joto la hewa inayoingia kwenye injini lilisoma 58. Koni ilikuwa imekaa wazi kando ya injini, kwa hivyo gari likisimama inavuta hewa ileile iliyochemshwa na injini yenyewe na rejeta. Jumapili nikarudisha boksi la kiwandani, ambalo linavuta hewa ya mbele, nyuma ya grili. Jumatatu, mahali palepale, saa ileile, namba ilikuwa 41.

Kwa nini hilo lina uzito? Hewa ya moto ni nyepesi. Kutoka nyuzi 41 hadi 58 unapoteza karibu asilimia 5 ya hewa katika kila pumzi ya injini, na kompyuta ikiona joto hilo inarudisha nyuma muda wa plagi kuwaka ili injini isigonge, yaani mafuta yasijilipukie yenyewe ndani ya silinda. Na sisi wa Nairobi tumeanza safari tukiwa tayari na deni. Tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Kabla ya kuwasha injini, kile kifaa kilisoma shinikizo la hewa ya nje kuwa kPa 83. Nilipoteremka Mombasa Desemba nikakichomeka tena kwenye maegesho ya hoteli: 101. Gari lisilo na tabo linaikosa hiyo tofauti yote hivihivi. Lenye tabo linaifidia kwa kuzungusha tabo kwa kasi zaidi, lakini tabo inayofanya kazi ya ziada nayo hupasha hewa zaidi. Sasa mimi nilikuwa nimelipa 14,500 kuongezea moto juu ya moto.

Naongea juu ya gari la kila siku. Ukiwa na ngao nzuri ya joto inayoziba koni pande zote na bomba linalofika mbele ya rejeta, hadithi ni tofauti. Duka moja lilinishauri hata bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa, chini kabisa, kwenye hewa baridi. Hiyo ilikuwa wiki chache kabla ya mvua za Aprili 2024. Waliokuwa Nairobi mwezi ule hawahitaji kuelezwa. Nikiwa gereji wakati huo niliona injini ya gari lingine imefunguliwa, imekunywa maji kupitia bomba la namna hiyo, na konrodi moja (fimbo inayoshika pistoni) imepinda kama kijiko cha kukorogea ugali wa watu wengi. Maji hayashindiliki, pistoni ikipanda ikayakuta ndani ya silinda, kitu fulani lazima kikubali kuvunjika. Nilirudi kwangu kupitia barabara ya juu, polepole, nikilibariki boksi langu la plastiki.

Kilichobaki kwenye gari hadi leo ni boksi la kiwandani na filta bapa ya K&N ndani yake, ile ya pamba iliyopakwa mafuta, ya kuosha na kutumia tena. Shilingi 9,800. Imeongeza nguvu? Kama ipo, mimi siihisi. Faida yake ni kwamba naachana na kununua filta ya karatasi kila mara kwa vumbi la huku kwetu, na sauti ya tabo inasikika kidogo ukishusha kioo. Tahadhari moja tu: ukishaiosha, iache ikauke kabisa, kisha paka mafuta kwa mkono mwepesi. Mafuta yakizidi yanasafiri na hewa hadi kwenye sensa, na taa ya injini inawaka kwa kosa lako mwenyewe.

Sasa ekzosi, ambako ndiko pesa na aibu vilikokuwa.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa uchoyo. Gereji fulani Industrial Area, sitaitaja, ilikata sailensa ya nyuma (kile kipunguza sauti) na kuchomelea bomba tupu mahali pake. Elfu nane, saa moja na nusu, kazi imekwisha. Wakati anachomelea, fundi akanitolea pendekezo lingine akiwa bado chini ya gari, naona viatu vyake tu.

"Bosi, hii sega nikutolee. Gari itapumua. Na nakupatia elfu kumi na tano mkononi."

Sega ni katalitiki, lile dude la kauri lenye vitundu kama sega la nyuki linalosafisha moshi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo maana mtu anakuonea huruma ghafla kuhusu gari lako kupumua. Ukiitoa, sensa ya pili ya oksijeni inaona moshi haujasafishwa na taa ya injini inawaka, gari linanuka ukisimama kwenye jam na vioo wazi, na watoto wako wamekaa nyuma. Nilimwambia hapana. Akacheka, akasema nitarudi. Toka siku hiyo nikienda gereji nisiyoijua naikagua sega kabla ya kuingia na kabla ya kutoka.

Sauti ya lile bomba tupu ilikuwa tamu kwa siku tatu, mjini, kwenye gia ya pili. Tabu ilikuwa barabara kubwa. Kwenye gia ya sita, mshale wa mizunguko ukiwa kati ya 2,200 na 2,600, ambako ndiko unakokaa safari nzima ya Naivasha, gari lilijaa mvumo mmoja mzito usioisha. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili ya moshi kwa kila mzunguko, kwa hivyo kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika unapata mapigo 80 kwa sekunde. Sauti ya chini kiasi hicho huisikii kwa sikio peke yake, unaisikia kifuani na kwenye meno. Tulipofika Limuru mke wangu aliomba tusimame anunue Panadol. Tuliporudi jioni hakuna aliyezungumza hadi Uthiru.

Na nyumbani pia. Natoka saa kumi na moja asubuhi kuiwahi Thika Road. Jirani yangu wa mkono wa kulia ni mama mzee, sote tunamwita Shosho. Wiki ya pili alinisubiri kwenye geti na shuka begani.

"Kijana wangu, hiyo gari yako ni mgonjwa?"

"Hapana, Shosho. Nimeibadilishia bomba."

"Aaa. Kumbe umelipa."

Hakuongeza neno. Afadhali angenitukana. Soja wetu naye alikuwa anafungua geti nikiwa bado kwenye kona ya duka, na alidhani ananifurahisha kuniambia kwamba ananisikia toka huko. Kuna kanuni za kelele chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, tangu 2009 na zinagusa magari pia, lakini mimi sikungoja kanuni. Shosho alitosha.

Jaribio la pili nilikwenda Kariobangi Light Industries, kwa fundi niliyeelekezwa na mtu mwenye gari kama langu. Kilichonifanya nimwamini ni sumaku. Aliweka vipande viwili vya bomba mezani, vyote vinang'aa sawasawa, akapitisha sumaku ndogo iliyotolewa kwenye spika. Kimoja kikaishika, kingine kikaiachilia. "Hii inayoshika ni ya bei ya chini, itaanza kutu kwa nje miaka michache. Hii nyingine ni 304, chuma cha pua halisi. Chagua mwenyewe, lakini usije ukauziwa ya kwanza kwa bei ya pili." Kisha akanionyesha ndani ya viungo vya lile bomba langu la elfu nane. Chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimeganda kwa ndani kama nta ya mshumaa, vimatone vya ukubwa wa punje ya mahindi, vyote vimeelekea kwenye njia ya moshi. Na mkunjo ulikuwa umebonyea, kwa hivyo bomba lililouzwa kama pana lilikuwa jembamba pale pale linapopinda. Yeye mikunjo yake hununua ikiwa tayari imepindwa bila kubonyea, anakata na kuunga.

Tulibishana juu ya upana. Mimi nilitaka inchi 3 kwa sababu nimeona picha. Akaniuliza, "Una farasi mia tatu?" Tukakubaliana inchi 2.25 kutoka nyuma ya sega hadi mwisho. Kwa farasi 140 inatosha na kubaki, na inapita juu ya ekseli ya nyuma bila kugonga kwenye matuta ya huku mitaani, ambayo baadhi yake nadhani yalijengwa na mtu aliyekosana na serikali. Aliweka sailensa ndogo ya katikati, kisha sailensa halisi nyuma, ikigawanyika kwa yale mabomba mawili ya bampa. Viungo viwili ni vya bolti, si vya kuchomelea, ili ukitaka kurudisha ya kiwandani usikate kitu. Bei ilikuwa shilingi 52,000 na kazi ilichukua siku mbili. Ekzosi ya HKS kutoka Japani niliiulizia pia. Bei pamoja na usafiri na ushuru ilinifanya nizime simu niiweke mfukoni.

Sasa gari likoje? Kwenye baridi ya asubuhi linanguruma chini kwa nusu dakika kisha linatulia. Ukipanda kutoka mizunguko 3,000 lina sauti nene, safi, ya kiume kidogo, na ukiachilia hakuna milipuko ya kijinga. Kwenye gia ya sita ule mvumo umebaki kama kumbukumbu tu, pale karibu na 2,500, na mtoto analala. Nililipima mara kadhaa kutoka kilomita 60 hadi 100 kwenye gia ya nne, kipande kilekile cha barabara: sekunde 6.9 lilipokuwa la kiwandani, 6.6 sasa. Tofauti hiyo inaweza kuwa kidole changu kwenye saa. Mafuta ni yaleyale, kilomita 14 kwa lita nikiwa na adabu. Anayeuza filta na ekzosi kwa ahadi ya farasi ishirini bila kugusa programu ya injini anakuuzia kelele, na hata mimi nilinunua kelele. Ila hii ya pili ni kelele nzuri.

Jumla nimetumia 84,300. Ningeanza na filta bapa na fundi wa Kariobangi ningetumia 61,800. Ile koni nilimuuzia kijana wa Roysambu kwa elfu sita, na nilimwambia kila kitu nilichoandika hapa, namba za joto na zote. Alisikiliza kwa heshima kabisa, kisha akaniomba nifungue boneti asikie ile fyuuu.

Jambo moja halijakaa sawa. Tangu juzi, injini ikiwa baridi, nasikia mluzi mwembamba kwenye kiungo cha mbele, unaopotea likipata moto. Nadhani ni gasketi. Fundi alishaniambia nirudi baada ya kilomita elfu moja akaze bolti, na nimepitisha elfu mbili. Jumamosi naenda.