Kemisti Kisumu ya kununua dawa za fangasi kama unauguza mtu wa saratani ya damu

Nyota tano kwa huyu mfamasia, duka lenyewe nne. Naandika kwa sababu najua watu wengi wanauguza huku Kisumu, unapewa karatasi wodini uende ununue dawa nje na hujui pa kuanzia.

Mdogo wangu ako kwa kemo, zile dawa za kuua saratani, ya lukemia, yaani hiyo saratani ya damu. Seli zake nyeupe za damu, zile za kupigana na magonjwa, zikishuka, fangasi iliyo kwa vumbi na hewa, hii sisi wote tunavuta kila siku na hatusikii kitu, kwake inaweza kushika mapafu na kuingia mpaka kwa damu. Usifikirie ile ya vidole unapaka krimu inaisha. Joto likigonga 38 ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa kemisti ingine hapo town walikuwa tayari kutuuzia itrakonazoli, dawa ya fangasi, bila swali hata moja. Huyu alitaka kwanza aone karatasi ya kemo, akaona vinkristini, moja ya dawa za kemo, akarudisha itrakonazoli kwa shelfu. Akatueleza pole pole kwamba hizo mbili zikikutana vinkristini inakawia kutoka mwilini, inarundikana inachoma neva, mgonjwa anaweza kufa ganzi miguu ama tumbo lifunge kabisa. Akampigia daktari wa wodi simu tukiwa tu hapo kaunta. Yaani aliacha pesa iende, jamani.

Daktari akaandika amfoterisini, dawa ingine ya fangasi, ya sindano. Tukafungiwa na barafu maana inakaa kwa friji, na juu ya boksi akaandika kwa maka kubwa DEKSITROSI 5% PEKEE, yaani drip ya maji ya sukari, kwa sababu ukiichanganya na drip ya maji ya chumvi inaganda. Tena akatuambia tuulize wodini kama wanapima figo na potasiamu, hiyo dawa ni kali sana kwa figo.

Kasoro iko. Vorikonazoli, nayo ni dawa ya fangasi, hawaweki, ni oda ya Nairobi na unalipa kwanza, na bei yake weh. Naomba wenye duka waweke hata pakiti moja ya akiba, mtu fangasi imeshika mapafu hawezi kungoja parseli ya basi. Jumapili nayo wanafunga mapema.

Ukienda beba karatasi ya kemo na orodha ya dawa zote anazomeza, hata za kienyeji, na uulizie mfamasia mwenyewe, usimalizane na wale wa kaunta.